Kilomita Themanini na Nne

Kopo la rangi nyeupe, brashi mbili, misumari kwa kilo,
na mabango kumi na saba yanayogongana kwenye tela:
ndivyo nilivyotoka stesheni, Jumatatu, mvua ikinyunya.
Halmashauri inataka njia. Watalii wa baiskeli wanakuja
na chupa zao za maji na suruali zao za kubana;
wanataka msitu, wanataka bahari, wanataka mambo ya kale,
na wasipotee.

Kazi yangu ni mshale. Huku. Sasa huku.

Msituni misonobari imesimama kama watu waliokatazwa kuketi.
Nilikula beri za porini mpaka meno yakawa rangi ya wino.
Kuna mawe makubwa kuliko nyumba: barafu iliyabeba, ikachoka,
ikayatua popote, bila kuomba radhi.
Mlima hamna. Estonia haiujui mlima.
Kinachokata pumzi ni upepo wa ubavuni, mbishi,
unaovuta usukani kama mtoto anayetaka pipi.

Kasri la mabwana wa Kijerumani limepakwa upya, njano ya siagi.
Bango la mlangoni linasema: Bwana alipanda mialoni mia mbili.
Alipanda? Kwa jembe lipi?
Bibi wa bibi yangu alikamua ng'ombe wa bwana huyo
mpaka vidole vikakataa kunyooka.
Njia ya mwongo ni fupi,
na bango nalo fupi, mistari minne, herufi za dhahabu.
Nikapigilia mshale wangu pembeni. Silipwi kusahihisha.

Kanisani meli ndogo ya mbao inaning'inia darini,
omo imeelekea madhabahu.
Ililetwa na nahodha aliyerudi.
Wasiorudi hawakuleta kitu.

Halafu msitu unakatika ghafla.
Kadakaneem: nyumba tisa, ufuo mmoja, na mnara wa zege
ambamo askari wa mpaka walikaa miaka arobaini na ushei
wakiichunga bahari isitoroke na watu.
Kila jioni waliuchana mchanga kwa reki.
Alfajiri walikuja kuusoma.
Mchanga uliochanwa hauna siri:
ndege, mbweha, kisigino.

Kaka yake Bibi Salme aliandika mstari mmoja tu humo,
nyayo ishirini na tatu, zote zikienda.

Siku hizi anayechana ni Endel, muuza samaki wa moshi;
anaondoa mwani ili wageni watandike taulo.
Reki ileile? Hapana.
Mistari ileile.
Bibi ana miaka tisini na moja. Tangu siku ile hajaukanyaga.

Nilikuwa nimebakiwa na bango moja, la ufuoni,
alipotoka na koti lake la kanisani akalitazama tela.
"Hicho kibao kishushe," akasema. "Nipakie mimi."

Nikampakia. Mwepesi, kama gunia lililosahauliwa viazi vitatu.
Tukaingia mchangani, matairi yakizama,
mimi nikisukuma zaidi ya kuendesha,
Endel amesimama, reki mkononi, mdomo wazi.
Tairi la mbele likalowa.
Nilidhani atalia. Aliuliza kama breki zinashika.
Kisha: "Geuza. Pita kando, usiikanyage alama ya kwanza.
Iwepo ya kwenda,
iwepo na ya kurudi."

Nikageuza.
Koti lake lilipata rangi nyeupe begani; hajanisamehe hadi leo.
Endel hakuchana asubuhi iliyofuata. Wala ya pili.
Uliochana ni upepo, kwa wakati wake.

Kwenye ripoti nimeandika: kilomita themanini na nne,
mabango kumi na sita yamepigiliwa, moja limebaki,
mita mia mbili za ziada.
Palipoulizwa sababu
nimeacha pengo.